Hati za Mzigo Zilivyohamia Mtandaoni: Forodha ya Afrika Mashariki tangu 1977

Mzigo unaoshushwa Mombasa au Dar es Salaam kwenda Kampala, Kigali, Bujumbura au Goma husafiri na maelezo yake: ni bidhaa gani, uzito wake ni kiasi gani, umetoka wapi, ni mali ya nani, ushuru wake atalipa nani, na ukipotea njiani atawajibika nani. Kwa muda mrefu wa karne ya 20 maelezo hayo yaliandikwa kwenye karatasi, yakagongwa mihuri, yakabebwa na dereva, wakala wa forodha au tarishi. Katika miongo ya karibuni serikali za Afrika Mashariki zimeyahamishia kwenye kompyuta. Mabadiliko hayo huelezwa mara nyingi kwa kutaja mifumo iliyonunuliwa na tarehe ilipozinduliwa, lakini mifumo ilikuwepo miaka mingi kabla ya foleni za mipakani kupungua. Kilichochelewa ni nchi moja kukubali kwamba tamko lililopokewa na jirani yake linatosha, hivyo halina haja ya kuandikwa upya.

Kukubaliana huko kuliwahi kuwepo. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilifika ukingoni mwa Ziwa Victoria mwaka 1901, na tangu hapo bidhaa za Uganda zikapitia bandari ya Kenya. Mwaka 1917 forodha za nchi hizo mbili ziliunganishwa, na katika miaka ya 1920 Tanganyika nayo ikaingia hatua kwa hatua katika soko hilo. Mzigo uliolipiwa ushuru Mombasa haukulipiwa tena Kampala. Kilichofuata kilikuwa fomu ya uhamisho iliyoonyesha bidhaa ziliishia nchi gani, ili mapato yagawanywe kwa haki. Haki yenyewe ilikuwa na wengi wa kuilalamikia, kwani Uganda na Tanganyika zilinung'unika kwa miaka mingi kwamba viwanda na ajira vilizidi kuota Kenya. Hata hivyo, kwa upande wa hati peke yake, mfumo ulikuwa mwepesi. Uliendelea chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1948, kisha chini ya Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967.

Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977, na karatasi zikaongezeka mara moja. Kila nchi ilibaki na idara yake ya forodha, fomu zake na mihuri yake. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi mwaka 1983. Kwa nchi zisizo na bandari, yaani Uganda, Rwanda na Burundi, pamoja na mashariki ya Kongo, kila lori lilihesabiwa kuwa mgeni katika kila nchi lililopita. Shehena ya Kigali iliyoshushwa Mombasa iliandikiwa tamko la mzigo wa kupita nchini Kenya, ikaandikiwa jingine Uganda, na ilipofika Rwanda ikatamkwa upya kwa ajili ya ushuru. Bidhaa zilikuwa zilezile na kontena lilelile, lakini maelezo yake yalinakiliwa kwa mkono au kwa taipureta mara tatu, na kila nakala ilitoa nafasi ya kukosea tarakimu.

Kazi nzito zaidi ya karatasi hizo ilikuwa kubeba dhamana. Nchi inayopitisha mzigo wa jirani haikusanyi ushuru wake, lakini ina hofu ya haki: sukari, mafuta ya kula au nguo zilizoandikiwa Kampala zinaweza kumwagwa njiani, zikauzwa katika soko la Kenya bila kulipiwa chochote. Kwa hiyo wakala alitakiwa kuweka dhamana ya kampuni ya bima au benki yenye thamani ya ushuru ambao ungelipwa kama mzigo ungebaki nchini. Lori lilipofika Malaba au Busia, ofisa wa mpakani aligonga muhuri kuthibitisha kwamba limevuka, na nakala yenye muhuri huo ikapaswa kurudi hadi Mombasa ili dhamana ifutwe. Nakala ikichelewa, fedha za wakala zilibaki zimefungwa. Ikipotea, alidaiwa ushuru wa bidhaa ambazo zilikwisha kufika na pengine kuliwa. Bidhaa zilizohofiwa zaidi zilisafiri kwa misafara chini ya ulinzi wa askari wa forodha, na lori lililowahi lilisubiri yaliyochelewa.

Jaribio la kwanza la kupunguza mzigo huo lilikuwa la kuoanisha karatasi zenyewe. Mwaka 1985 Burundi, Kenya, Rwanda na Uganda zilitia saini Mkataba wa Usafirishaji wa Ukanda wa Kaskazini, na Zaire, yaani Kongo ya leo, ikajiunga mwaka 1987. Mkataba ulileta tamko moja la forodha kwa barabara ambalo muundo wake ulikubalika katika nchi zote. Mafanikio yake yalikuwa na mipaka ya wazi. Fomu ilifanana, ila kila nchi iliendelea kuipokea, kuikagua na kuidai dhamana yake kana kwamba ndiyo ya kwanza kuiona.

Kompyuta ziliingia forodhani katika kipindi hichohicho kwa njia iliyopita mbali na eneo hili. Mwaka 1981 sekretarieti ya jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Afrika Magharibi iliomba msaada wa UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, ili takwimu za biashara za wanachama wake zikusanywe kwa utaratibu mmoja. Ombi hilo la takwimu ndilo lililozaa ASYCUDA, ambayo wasemaji wa Kifaransa huiita Sydonia, na ambayo kwa matoleo mbalimbali ilienea katika nchi nyingi zinazoendelea. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimewahi kuitumia. Kenya ilifuata njia yake. Mwaka 2005 iliachana na mfumo wake wa zamani, ikaanza kutumia Simba, uliojengwa juu ya GAINDE, mfumo wa forodha wa Senegal. Jambo hili halisemwi mara nyingi: lango kuu la bidhaa za Afrika Mashariki liliendeshwa kwa zaidi ya mwongo mmoja na programu iliyobuniwa na Waafrika wa Dakar.

Kwa mawakala, Simba ulimaanisha kwamba tamko lingeweza kujazwa ofisini, bila mtu kusimama kwenye kaunta ya forodha. Haukumaanisha kwamba karatasi imekwisha. Baada ya tamko kukubaliwa na mfumo lilichapishwa, likaambatanishwa na ankara, orodha ya vifungashio, hati ya shehena na cheti cha asili ya bidhaa, likawekwa kwenye faili, na faili likapita meza kwa meza. Hali ilikuwa hiyohiyo Dar es Salaam na Kampala. Mtandao ulipokatika kazi ilisimama, na uliporejea faili lilibaki pale pale. Wakala sasa alikuwa na kazi mbili, ya kompyuta na ya karatasi, mahali palipokuwa na moja.

Sababu ya kushikilia karatasi haikuwa ukaidi mtupu. Ofisa anayeachilia kontena lenye ushuru wa mamilioni ya shilingi anajua kwamba mkaguzi anaweza kumfuata miaka mitatu baadaye, na muhuri wenye tarehe ndio ushahidi wake. Mahakama nazo zilizoea ushahidi wa karatasi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imefufuliwa, na Sheria yake ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004, iliyokuja na Umoja wa Forodha ulioanza Januari 2005, iliruhusu taratibu za forodha zifanywe kwa teknolojia ya habari. Lakini nguvu ya rekodi na saini za kielektroniki kwa jumla ilisubiri sheria za nchi: Kenya ilirekebisha sheria yake ya mawasiliano mwaka 2009, Uganda ikatunga sheria ya miamala ya kielektroniki mwaka 2011, na Tanzania mwaka 2015. Kwa muda huo mifumo ilitangulia sheria, na maofisa walioombwa waamini kioo cha kompyuta walikuwa wakiombwa wabebe hatari ambayo serikali zao zilikuwa hazijawakinga nayo.

Tena forodha ni taasisi moja tu kati ya nyingi. Dawa zinahitaji kibali cha mamlaka ya dawa, mbegu na matunda kibali cha wakaguzi wa afya ya mimea, vifaa vya umeme cheti cha shirika la viwango, na kila taasisi ilikuwa na fomu yake, ada yake na ofisi yake mjini. Dawa iliyopendekezwa kwa tatizo hili ilitoka Singapore, ambako tangu Januari 1989 mfumo wa TradeNet uliwawezesha wafanyabiashara kuomba vibali vyote kwa ombi moja. Wazo hilo lilifika Afrika Mashariki kwa jina la dirisha moja. Rwanda ilianza mwaka 2012 kwa kulijenga juu ya toleo jipya la ASYCUDA. Kenya iliunda shirika la KenTrade mwaka 2011, na mfumo wake, uliojengwa na kampuni ileile ya Singapore iliyohusika na TradeNet, ulizinduliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta Mei 2014. Tanzania ilielekea Korea Kusini, ikaacha ASYCUDA na kuanza kutumia TANCIS mwaka huohuo wa 2014, kisha miaka michache baadaye ikajenga Dirisha Moja lake la kielektroniki juu ya msingi huo.

Matokeo ya miaka ya kwanza yalitofautiana kuliko hotuba za uzinduzi zilivyoonyesha. Dirisha lilikuwa moja, lakini milango iliyokuwa nyuma yake ilibaki ileile. Taasisi ndogo ambazo hazikuwa na watumishi wa kutosha wala mfumo wao wa ndani zilipokea maombi mtandaoni, zikayachapisha na kuyashughulikia kwenye meza kama zamani. Rwanda ilifanikiwa haraka kwa sababu ambazo si za kiteknolojia: nchi ni ndogo, taasisi zinazotoa vibali ni chache, na mamlaka ya mapato ilipewa nguvu ya kuziongoza.

Mageuzi makubwa zaidi yalikuja mwishoni mwa mwaka 2013, nayo yalikuwa ya kisiasa kabla ya kuwa ya kompyuta. Marais wa Kenya, Uganda na Rwanda walikuwa wameanza kukutana mara kwa mara kuhusu miundombinu ya Ukanda wa Kaskazini, na Novemba mwaka huo wakuu wa Jumuiya waliokutana Kampala waliidhinisha Himaya Moja ya Forodha ianze Januari 2014. Kanuni yake ilikuwa kwamba tathmini na malipo ya ushuru yafanyike mzigo ukiwa bado kwenye bandari ya kwanza ya kuingilia, na fedha ziende nchi ambako mzigo utatumika. Mwenye mzigo wa Kampala hujaza tamko katika mfumo wa Uganda na kulipa Uganda. Mamlaka ya Mapato ya Uganda, ambayo ina maofisa wake Mombasa, hutuma ruhusa ya kuachilia mzigo. Mfumo wa Kenya huipokea na kutoa hati ya kuusafirisha. Lori linatoka getini mwa bandari likiwa limekwisha kumaliza deni lake la ushuru. Mpakani hakuna tamko la pili. Maofisa wa Rwanda nao waliwekwa Mombasa, na utaratibu ulipofika Ukanda wa Kati wakawekwa Dar es Salaam pia.

Kwa mzigo uliolipiwa kwa njia hiyo, dhamana nayo ilipungua uzito, kwa kuwa hakuna ushuru unaosafiri bila kulipwa. Dhamana ilibaki kwa bidhaa zinazokwenda kwenye maghala ya forodha au nje ya Himaya. Takwimu zilizotangazwa na Jumuiya na wafadhili wake zilisema safari ya Mombasa hadi Kampala, ya kilomita zipatazo 1,170, ilishuka kutoka siku 18 hadi 4, na ya Mombasa hadi Kigali kutoka siku 21 hadi 6. Takwimu za namna hiyo zisomwe kwa uangalifu, kwani jibu hubadilika kulingana na saa inapoanzia kuhesabiwa: meli inapofunga gati, au lori linapotoka bandarini. Lakini hata msomaji mwenye shaka hawezi kukana kwamba siku zilizokuwa zikipotea Malaba zilipungua kwa kiasi kikubwa.

Ugumu wa kiufundi ulikuwa katika kuifanya mifumo izungumze. Kenya ilikuwa na Simba; Uganda, Rwanda na Burundi zilikuwa na ASYCUDA; Tanzania ikiwa na TANCIS, na hakuna kati yao uliobuniwa kwa ajili ya mwenzake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 mradi wa RADDEx uliwahi kupeleka taarifa za matamko kati ya mamlaka za mapato, na uzoefu wake ulionyesha mapema palipokuwa na kasoro. Namba za bidhaa zilikuwa za pamoja, kwa kuwa nchi wanachama zina jedwali moja la ushuru, ila majina ya vituo, vipimo vya vifungashio na namba za walipa kodi viliandikwa kila nchi kivyake. Kenya ilipokuja kuuacha Simba na kuhamia mfumo mpya wa iCMS, kati ya miaka ya 2017 na 2019, sehemu ya kazi hiyo ya kuunganisha ilibidi irudiwe.

Waliopoteza pia wapo. Malaba na Busia ilikuwa miji ya mawakala. Riziki yao na ya mama lishe, wenye nyumba za wageni na vijana wa kukimbiza karatasi ilitokana na lori kusimama. Tamko lilipohamia bandarini, kampuni nyingi ndogo za mpakani zilifunga au zikalazimika kutafuta ofisi Mombasa. Himaya iliwaruhusu mawakala wa nchi moja kufanya kazi katika nchi nyingine, lakini ruhusa hiyo iliwafaa wenye mtaji wa kuhama.

Hofu ya mzigo kumwagwa njiani haikuisha kwa sababu ya matamko ya mtandaoni, hasa kwa mzigo unaokwenda nje ya Himaya. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia mfumo wa pamoja wa kufuatilia shehena kwa lakiri za kielektroniki. Lakiri hufungwa kwenye mlango wa kontena, ikatuma mahali ilipo hadi vituo vya uangalizi vya Nairobi, Kampala na Kigali, na lori likiacha njia iliyoidhinishwa au lakiri ikifunguliwa, kikosi kilicho karibu hutumwa. Hapo ndipo nakala yenye muhuri wa Malaba, ile iliyorudi Mombasa kwa tarishi, ilipopata mrithi wake halisi. Uthibitisho kwamba mzigo umevuka sasa unafika ofisini kabla dereva hajazima injini. Vituo vya Huduma kwa Pamoja Mpakani, kama Rusumo, Holili na Taveta, Busia na Namanga, vilivyofunguliwa rasmi kati ya miaka ya 2016 na 2018, viliondoa kituo kimoja kati ya viwili kila mpakani, ingawa majengo yalikamilika haraka kuliko makubaliano ya nani anakagua nini.

Mtihani mkali ulikuja mwaka 2020. Uviko-19 ulipoingia, kila nchi ilianza kupima madereva mpakani na kukataa vyeti vya jirani, na foleni ya malori upande wa Kenya wa Malaba ikafika makumi ya kilomita. Tabia ya baada ya 1977 ilikuwa imerudi, safari hii kwa cheti cha afya badala ya tamko la ushuru. Katika mkutano wa mtandaoni wa tarehe 12 Mei 2020, wakuu wa baadhi ya nchi wanachama walikubaliana kutumia mfumo wa kidijitali wa kufuatilia madereva, ambao ungeonyesha majibu ya vipimo kwa nchi zote. Kupatana juu ya programu kulichukua muda. Kupatana juu ya maabara ipi iaminiwe kulichukua muda mrefu zaidi.

Kwenye kabini ya lori karatasi bado ipo. Dereva wa masafa marefu hubeba leseni ya gari la transiti, kadi ya njano ya bima ya COMESA, tiketi za mizani kama ile ya Mariakani, na karatasi ya makabidhiano ambayo mpokeaji hutia saini. Barabara za Afrika Mashariki hazina kitu kinacholingana na itifaki ya mwaka 2008 iliyoupa mkataba wa Ulaya wa usafirishaji wa barabarani hati yake ya kielektroniki. Wafanyabiashara wadogo nao wako mbali zaidi na mifumo hii. Kwa bidhaa za Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000, utaratibu rahisi wa cheti cha asili uliwekwa juu ya fomu inayojazwa na kugongwa muhuri papo hapo mpakani, na kwa mama anayevusha magunia mawili ya maharage fomu hiyo mara nyingi ni nafuu kuliko akaunti ya mtandaoni.

Hati iliyokuwa ngumu kuliko zote kuhama ni hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli. Tofauti na tamko la forodha, hati hiyo hubeba haki ya kuudai mzigo wenyewe: anayeishika nakala halisi ndiye anayekabidhiwa, na benki huishikilia hadi mnunuzi alipe. Karatasi moja inaweza kushikwa na mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, sifa ambayo faili la kompyuta, linalonakilika bila kikomo, halina kwa asili yake. Sheria za kutambua rekodi na saini za kielektroniki hazitoshi hapo, kwa kuwa swali ni la umiliki. Mwaka 2017 tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa ilitoa sheria ya mfano juu ya hati za namna hiyo, ikiruhusu mfumo unaohakikisha kwamba mtu mmoja peke yake ndiye mwenye mamlaka juu ya rekodi. Singapore iliifuata mwaka 2021. Uingereza ilitunga sheria yake iliyoanza kutumika Septemba 2023, jambo lenye uzito hata Mombasa na Dar es Salaam, kwa kuwa mikataba mingi ya meli huongozwa na sheria ya Uingereza. Mwaka huohuo kampuni kubwa za makontena zilizo katika umoja wao wa viwango vya kidijitali ziliahidi kuacha hati ya shehena ya karatasi ifikapo 2030. Kwa sasa nakala halisi nyingi bado huja kwa ndege ndani ya bahasha ya kampuni ya kusafirisha nyaraka, na ikichelewa kuliko meli, mwenye mzigo huomba benki imwandikie barua ya dhamana ili kontena litoke bandarini kabla ya gharama za kuhifadhi kupanda.